Kobe wanne, pedi mbili: jibu kwa baba anayefia steji ya 5

Swali lenyewe kwa ufupi, limetoka kwa kaka mmoja wa Morogoro: "Nimenunua Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge ya PS4, nacheza na kijana wangu wa miaka 9. Kwenye modi ya hadithi tunasogea vizuri tu, ila tukiingia modi ya akedi, ile ya kucheza mwanzo hadi mwisho bila kuhifadhi, hatuvuki steji ya 5, laifu zinaisha kila siku. Kila mtu achukue kobe gani na tunakosea wapi? Halafu hivi hii ni ile katuni ya zamani kweli au wametumia jina tu? Mama yake naye anauliza kama ngumi zote hizi zinamfaa mtoto."

Kaka habari za huko, na msalimie kijana. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limenirudisha mbali, mimi nilisimamia banda la gemu Tanga kama miaka minne hivi, tivii nne, wateja wengi wanafunzi wakitoka shule, na gemu za kupigana mkienda mbele namna hii nimeziona zikichezwa na mamia ya watu nikiwa nimesimama nyuma yao, na kusimama nyuma ya mtu anayecheza kunakufundisha kuliko kucheza mwenyewe. Kwaiyo naweza kukwambia hata bila kuwaona mnavyocheza: mnabonyeza sana, na mnasimama vibaya. La kwanza ni dogo. La pili ndo linalowamalizia laifu.

Angalia hivi. Kwenye gemu hili hutembei kushoto na kulia tu, unaweza pia kupanda juu kuelekea ukutani na kushuka chini kuja upande wako wewe unayeangalia tivii, yaani sakafu ina kina. Na pigo la kawaida, lako au la adui, linampata aliye kwenye mstari uleule tu. Sasa wachezaji wengi wakiona adui anakuja wanasimama palepale wanamsubiri, au wanamfuata moja kwa moja pua kwa pua, wakati huo mwingine ameshatokea nyuma, wa tatu anarusha kitu kutoka mwisho wa skrini, na wote watatu wako mstari mmoja na wewe, hapo hata ungekuwa na vidole kumi na viwili utaliwa tu.

Beki mzuri akimkaba winga hasimami mbele yake kifua wazi, anamjia kwa ubavu huku anamsukumia kwenye mstari wa pembeni. Fanya hivohivo. Adui wakitokea, panda juu kidogo au shuka chini, utaona wao wenyewe wanaanza kukufuata na kujipanga, ukizunguka kidogo wote wanajikuta upande mmoja wako. Hapo ndo unaingia kwa mshazari, unamfikia wa kwanza kabla hajakaa sawa na wewe, unapiga mapigo yako yote, na wale wa nyuma yake wanadakwa humohumo. Ukihisi mmoja amekuzunguka acha ulichokuwa unafanya, toka kwenye mstari, mpange tena. Adui mwenye ngao naye ni hivohivo, usimgonge usoni unapoteza muda, mzunguke.

Na nyie mko wawili, hilo ni jambo zuri sana ila saivi mnalitumia vibaya, nina uhakika mnamkimbilia adui mmoja wote wawili kama watoto wanaocheza mpira wa chandimu, mpira ukienda kulia timu nzima iko kulia. Gawaneni skrini. Wewe chukua upande unaoelekea mbele, kwa sababu huko ndo maadui wengi wanaingilia, kijana akae upande wa nyuma alinde mgongo wako. Mwambie kabisa kwamba hiyo ni kazi, siyo kwamba amewekwa pembeni. Mtoto akijua ana lindo lake anatulia, nimeliona hili bandani mara nyingi, yule anayevurugavuruga ukimpa kona yake ya kulinda anageuka askari.

Kingine ni kukwepa. Kuna kitufe cha kukwepa na wengi wanakitumia wakishapigwa, yaani kama kujuta. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukibonyeza katikati ya mapigo yako mwenyewe, umepiga mawili, umemuona mwingine ananyanyua silaha, unaponyoka papo hapo bila kumaliza pigo la tatu, na kwa ile sekunde ndogo ya kuponyoka haupigiki. Ukizoea hii peke yake utaona laifu zinadumu. Zoezi lake: rudieni steji ya 1 kwenye hadithi, wekeni mkataba kwamba hakuna kupiga zaidi ya mapigo mawili bila kukwepa. Itakuwa ya ajabu kidogo kwa dakika kumi za mwanzo halafu vidole vitaelewa.

Kushika adui pia msikuache. Adui aliyeyumba ukimsogelea karibu kobe anamdaka, na hapo unaweza kumpigiza chini huku na huku kama mtu anayekung'uta mkeka, na walio karibu wanaumia nao, au unamrusha kuelekea kwenye kioo cha tivii anakuja mzimamzima usoni kwako. Hilo la kurusha kwenye kioo limetoka kwenye gemu ya zamani ya Konami, Turtles in Time ya mwaka 1991, na wale jamaa wa Tribute Games kule Montreal, Kanada, waliotengeneza hii ya kwako, wamelirudisha kwa heshima zote. Mimi hadi leo nikilifanya natabasamu. Ila usilifanye kwa raha tu, lifanye pale umezungukwa na unataka kupunguza idadi haraka.

Halafu supa, lile pigo kubwa la kufagia waliokuzunguka. Ule mstari wa nguvu unajaa ukiwa unapiga, na kuna kitufe cha kutamba, kobe anasimama anaringa kidogo, na kwenye hadithi ukimaliza kuringa bila kuguswa unapata nguvu ya supa. Wengi wanaona ni mapambo wanakiacha! Kumbe ndo siri nusu. Kila mkishamaliza kundi, kabla mshale haujawaambia songeni, tambeni wote wawili. Mnaingia kundi linalofuata mna supa mkononi tayari. Na supa usiiweke akiba ukasubiri bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji, utakufa nayo mfukoni, itumie kujinasua ukizingirwa maana itajaa tena.

Kuna kitu kingine cha watu wawili nadhani hamkijui kwa jinsi ulivyoandika. Mwenzako akiwa amebakiwa na uhai kidogo na wewe unao mwingi, simama karibu naye utumie kitufe kilekile cha kutamba, mtapeana mkono juu na wewe utamgawia sehemu ya uhai wako. Na akianguka kabisa hajaondoka bado, kuna hesabu inarudi nyuma, ukimuwahi unamlisha kipande cha piza anaamka bila kupoteza laifu. Kwaiyo sheria iwe hii: mmoja akianguka, mwingine aache bosi, aache kila kitu, aende. Mimi kwenye akedi nahesabu kwamba nusu ya laifu zinazopotea wakati watu wanacheza wawili zilikuwa za kuokolewa. Na piza za sakafuni msizigombanie, ile ya kawaida ya uhai achukue mwenye hali mbaya, ile inayokupa supa bila kikomo kwa muda mfupi achukue aliye karibu na kundi, na ile inayomfanya kobe azunguke kama pia mpe kijana tu, atafurahi.

Sasa kobe gani. Wanagawanywa kwa vitu vitatu: urefu wa pigo, mwendo na nguvu. Leonardo, wa bluu mwenye mapanga mawili, yuko katikati kwa kila kitu. Raphael wa nyekundu ana nguvu nyingi ila mkono wake mfupi, inabidi uingie karibu kabisa. Michelangelo wa chungwa mwepesi sana. Donatello wa zambarau ana fimbo ndefu inafika mbali kuliko wote ila mwendo wake mzito. Nje ya hao wanne kuna mzee Splinter, yule panya mwalimu wao, taratibu lakini akigusa amegusa, na rafiki yao April ambaye ni mwepesi.

Kijana mpe Donatello. Najua atamtaka Raphael, watoto wote wanamtaka Raphael, lakini ile fimbo inamsamehe mtoto makosa ya kusimama, anapiga kabla hajafikiwa, na hilo ndo anahitaji hadi ajifunze mistari niliyosema. Wewe chukua Leonardo uwe unaziba pengo lolote linalotokea. Mkishavuka akedi mara moja mwachie achukue anayemtaka.

Kuhusu kwa nini hadithi inakwenda na akedi haiendi, jibu ni kwamba ni vitu viwili tofauti vilivyovaa nguo moja. Kwenye hadithi kila mhusika anapanda levo hadi ya 10, anaongezewa uhai, laifu, mistari ya supa, mkishindwa steji mnairudia, maendeleo yamehifadhiwa. Akedi haihifadhi. Mnaanza mwanzo hadi mwisho wa steji 16 kwa mkao mmoja, na nafasi za kuendelea zina kikomo. Wameiga mashine ya Konami ya mwaka 1989, lile kabati kubwa la wachezaji wanne lililokuwa kwenye kumbi za michezo Marekani, ukiweka sarafu unapata maisha, ukifa unaweka nyingine. Biashara yake ilikuwa sarafu, kwaiyo mabosi wa mashine zile waliwekwa makusudi wakumalize, na watu walikuwa wanavumilia kwa sababu wamesimama wanne bega kwa bega wanapiga kelele. Akedi ya gemu lako ina haki zaidi ya ile, lakini mzigo ni uleule, laifu unayoipoteza kizembe steji ya 1 ndo unayoitafuta steji ya 5. Msiangalie mnafia wapi. Angalieni mnafika steji ya 3 na laifu ngapi. Kama hamjafika huko mkiwa karibu wazima, anzeni upya palepale, msijivute.

Mabosi sina mengi, wote wanakwenda kwa zamu, ana wakati wa kushambulia na wakati wa kupumua, wakati wa kushambulia wewe unatoka tu kwenye mstari wake humpigi, akishamaliza kashikwa kizunguzungu au kasimama ndo mnaingia. Mapigo kadhaa atajinasua, tokeni kabla hajajinasua. Tamaa ya pigo moja la ziada ndo inayoua watu wazima, watoto wanaogopa wanatoka mapema, mwangalie kijana wako utaona.

Haya, katuni. Ndiyo kaka, ni ileile, na hili naomba unipe nafasi nilieleze vizuri maana watu wengi wanadhani kobe hawa wamezaliwa kwenye tivii. Walizaliwa kwenye kitabu cha katuni mwaka 1984, vijana wawili wa Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird, wakachapisha wenyewe, rangi nyeusi na nyeupe tupu. Kilikuwa kitabu kigumu, chenye damu, Shredder, adui wao mkuu, anakufa toleo la kwanza kabisa, na kobe wote wanne walikuwa na vitambaa vya rangi moja usoni unawatofautisha kwa silaha. Hizi rangi nne unazozijua wewe na mimi, bluu, nyekundu, chungwa na zambarau, zimekuja na katuni ya tivii iliyoanza Desemba 1987 ikaenda hadi 1996. Katuni ndo ilimfanya April kuwa mtangazaji wa Channel 6 mwenye ovaroli la njano, kwenye kitabu alikuwa msichana wa kompyuta kwenye maabara. Bebop na Rocksteady, yule ngiri na yule kifaru, kitabuni hawakuwepo. Hata Splinter kabadilika, kitabuni alikuwa panya wa kufugwa wa bwana mmoja anaitwa Hamato Yoshi, kwenye katuni ni Yoshi mwenyewe aliyegeuka panya.

Sasa weka gemu lako uangalie steji ya 1. Mnaanzia wapi? Ndani ya jengo la Channel 6. Bosi wa kwanza nani? Bebop. Steji ya 2? Rocksteady. Shredder na Krang, lile bongo linalokaa kwenye tumbo la roboti, wanataka Sanamu ya Uhuru ya New York. Yote hayo ni dunia ya katuni ya 1987, siyo ya kitabu wala ya zile filamu. Na sauti! Waigizaji wanne waliowasemea kobe kwenye katuni ile, Cam Clarke, Townsend Coleman, Barry Gordon na Rob Paulsen, wamerudi kuwasemea kwenye gemu hili lililotoka Juni 2022, miaka karibu 35 baadaye, wazee sasa, na bado ukimsikia Michelangelo unajua ni yeye. Aliyekosekana ni James Avery, aliyekuwa sauti ya Shredder, ndiye yule mjomba jaji mnene wa kile kipindi cha vichekesho cha Fresh Prince wengi wetu tunamfahamu kwa sura, alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2013. Mimi nilipojua kwamba mjomba yule na Shredder ni mtu mmoja nilikaa kimya kidogo, ile sauti ilinitisha sana nikiwa mdogo.

Jibu la shemeji linatokea hapohapo. Wale askari wa Foot Clan, jeshi la Shredder, mnaowapiga kutwa, kwenye katuni ile ni maroboti, na gemu limefuata hivo, wakipigwa wanalipuka, hakuna damu, hakuna mtu anayekufa. Watengenezaji wa katuni walikuwa na hesabu hiyo, mashujaa wenye mapanga kwenye kipindi cha watoto lazima wapewe kitu cha kukata ambacho siyo binadamu. Na hofu yake wala siyo ngeni, Uingereza walipoipokea katuni hii waliona neno ninja lenyewe ni kali mno kwa watoto wakabadilisha jina zima wakaita Teenage Mutant Hero Turtles, na zile rungu mbili za mnyororo za Michelangelo wakawa wanazikata kwenye picha, baadaye hata katuni yenyewe ikampa kamba yenye ndoana badala yake. Kwenye gemu hili rungu zake amerudishiwa. Kwa mtoto wa miaka 9 anayecheza na baba yake pembeni mimi sioni tabu, gemu lenyewe lina utani mwingi, mwambie shemeji aangalie steji ya 1 mnavyowakuta wale maroboti wamekaa mapokezi wanapokea simu na wengine wanapika kwenye studio ya mapishi, hadi muwafumanie ndo wanakumbuka walikuja kupigana. Ninachowaomba ni muda tu, mkao mmoja wa akedi ni mrefu na haihifadhi, msianze saa tatu usiku siku ya shule halafu mkafika steji ya 14 mnaangaliana.

Mpango wa wiki hii basi: siku mbili rudieni steji za mwanzo kwenye hadithi, mazoezi ya mstari na kukwepa, na mzunguke pia kuwatafuta wale watu wa Channel 6 wanaotokea njiani, Irma, Vernon na bosi wao Burne, wana vitu vyao vya kutafutiwa na mkivikamilisha mnapata pointi za kupandisha levo. Malizeni hadithi kwanza, kwa sababu mkiimaliza anafunguka Casey Jones, yule jamaa wa kinyago cha mpira wa magongo, na kijana atakuwa na sababu mpya ya kurudi. Ndo muende akedi Jumamosi mchana.

Na kama mna pedi ya tatu, au mtaazima kwa jirani, mtu anaweza kuingia katikati ya mchezo bila nyie kuanza upya. Mkaribishe shemeji ajionee mwenyewe, mpe April, ni mwepesi, hachoshi kumwendesha, na balaa lote hili si limeanzia ofisini kwake.